Ndambiri Alipobaki Kambini

Sisi watu wa Mbeere ya chini hatuna viazi vya Kibirichia wala miraa ya Laare, lakini nyika tunaijua, na hilo hatumwachii mtu. Katika wote walioijua nyika, aliyejua kuisimulia zaidi alikuwa Ndambiri wa upande wa Kiritiri. Paa mmoja aliyemwua ujanani aliendelea kukua kila mwaka, hata kufikia miaka ya tisini paa huyo alikuwa na ukubwa wa ndama. Kwa miti ndiyo usiseme. Alijigamba kwamba mti wowote wa nyika anautambua kwa kuunusa tu, hana haja ya kuutazama.

Jambo moja hakulisimulia. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Daktari wa kliniki ya misheni alimwambia ni mtoto wa jicho, aende Embu mjini akatolewe. Ndambiri akarudi nyumbani akamwambia mkewe, Wambeti, kwamba daktari ameisifu sana afya yake.

Mwaka ule mvua ilinyesha kule juu mlimani, huku chini ikatupita kama jamaa aliyepata kazi. Mwere, nafaka yetu, ulikauka kabla ya kufika magotini. Kuwinda kulikuwa kumekatazwa na serikali tangu zamani, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kuwinda. Watu walikwenda kuangalia mizinga ya nyuki, ila wengine waliiangalia wakiwa na pinde na mbwa.

Kundi la Ndambiri liliongozwa na Kivuti, mtoto wa dada yake, mtu mpole wa maneno machache. Siku moja Kivuti alimtembelea mjomba wake. Akaketi, akawasifu mbuzi, akalaumu jua, akawasifu mbuzi tena. Mwishowe akasema kwamba safari hii wangefurahi mjomba akiwaangalizia kambi.

Kuangalia kambi maana yake ni kupika, na kupika waliachiwa waliotoka jandoni juzi au mtu aliyechomwa mguu na mwiba. Ndambiri akajua ameonekana. Kumbe Kivuti alikuwa amemshuhudia mjomba wake akikiamkia kisiki, tena kwa heshima zote, akikiuliza habari za nyumbani. Angekataa angebaki kijijini na wanawake, hivyo akakubali. Lakini kwa Wambeti alitangaza kwamba vijana wamemlilia akawaongoze.

Wambeti akaandaa chakula cha kambi kama anavyoandaliwa kiongozi. Alikaanga mwere kwenye chungu mpaka harufu ikafika kwa jirani, akausaga kwenye jiwe, akachagua ndengu, akafunga chumvi kwenye kitambaa, akajaza uji mchachu kibuyuni. Mwisho akachomeka mwiko mkubwa wa ugali, mpini ukatokeza juu ya mfuko.

"Baba Ruguru," akasema, "nimeuweka juu usivunjike."

Ndambiri akautazama ule mpini. Kila mwindaji alijua kwamba mbeba mwiko ndiye mpishi. Apite nao sokoni, mbele ya watu waliomjua paa wake? Wambeti alipokwenda kuchota maji, aliuchomoa akausokomeza kwenye nyasi za paa la ghala.

Kambi waliipiga kando ya mto mkavu, mahali maji hupatikana kwa kufukua mchanga. Wenzake wakaondoka asubuhi na mbwa, wakamwachia kanga waliowanasa kwa mtego. Ndambiri akawasha moto, akachemsha ndengu, akainjika maji ya ugali. Ndipo akakumbuka hana cha kusongea.

Si neno, nyika imejaa miti. Akaingia kichakani akipapasa, akapata matawi yaliyonyooka vizuri, laini mkononi. Akakata nene la kusongea na membamba ya kuchomea kanga. Akayamenya gome, akanusa kama alivyojigamba siku zote. Yalinuka moshi. Siku hiyo kila kitu kilinuka moshi, hata yeye mwenyewe. Akasonga ugali kwa nguvu, akawachoma kanga wakaiva wakawa wekundu, akaanza kujiambia kwamba hata upishi unataka mwanamume.

Alipoinua kidole alambe ugali ulioganda, kidole kikanata. Akakisogeza karibu na jicho. Palikuwa na utomvu mweupe umekauka. Akarudi kichakani mbio, akavuta jani mpaka likamgusa kope, akalitazama.

Ulikuwa msunguti. Mti ambao wazee huuchemsha kupata sumu ya mishale. Mti usiotiwa hata kwenye moto wa kupikia. Mtoto wa Mbeere huonywa kuhusu mti huo kabla hajafundishwa kusalimia. Kila ukoo una hadithi ya wachungaji waliochomea nyama kwenye vijiti vyake wasiinuke tena.

Alijisugua mikono kwa mchanga mpaka ikawaka. Mbwa wakasikika wakibweka. Watu walikuwa wanarudi.

Angeweza kusema mara moja. Lakini maneno hayo yangetoka na yote mengine nyuma yake: macho, daktari, mwiko. Akachagua njia ya mkato. Akaisukuma sufuria kwa mguu, ugali ukabingirika chini, akawatupa kanga mchangani na ndengu juu yao, kisha akajilaza kando kama mtu aliyejikwaa.

Kivuti akatokea na wenzake, mikono mitupu, midomo imekauka. Gichovi, mtani wa kundi, akaangalia yale maafa.

"Haya, mzee leo ameua," akasema. "Ameua ugali."

Mbwa mmoja akasogea. Ndambiri akamtupia bonge la udongo kwa hasira, mbwa akalia.

"Mwache, mjomba," Kivuti akasema. "Hata yeye ana njaa."

Sasa, kundi lile lilikuwa na desturi yake. Chakula cha kambi kikimwagika, wote hukila pale pale chini, bila neno, ili aliyekimwaga asibaki peke yake na aibu. Ndambiri mwenyewe aliwahi kuwalia wenzake mchanga namna hiyo, na alijiona mtu mwema sana. Kivuti akatandika majani, akapiga magoti, akaanza kuondoa mchanga juu ya ugali. Gichovi akaacha utani, akapiga magoti pia. Wengine wakafuata. Hakuna aliyemtazama Ndambiri, kwa adabu.

Kivuti alikuwa ameshafinyanga tonge.

"Msile," Ndambiri akasema.

"Mchanga hauui, mjomba."

"Si mchanga. Nimesongea msunguti. Kanga pia nimewachomea huo huo."

Mikono yote ikasimama. "Nani alikukatia msunguti?" Gichovi akauliza.

"Nimeukata mwenyewe. Sikuujua." Akamgeukia mpwa wake. "Kivuti, sioni."

Kivuti akaliweka tonge chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto asiamke. Akauliza kama mjomba ameonja. Hakuonja. Basi wakachimba shimo, wakakifukia chakula chote pamoja na sufuria, mbwa wamefungwa mbali. Gichovi, ambaye hata matangani hakosi la kusema, aliuliza jambo moja tu: mwiko wa mama Ruguru ulikuwa wapi. Ndambiri akaiambia miguu yake kwamba aliuficha nyumbani, asionekane mpishi.

Wakarudi na njaa yao. Penye miiba Kivuti alimnyoshea mjomba ncha ya upinde, akamwambia ashike, na wakaenda hivyo, mmoja mbele mmoja nyuma. Walipokaribia soko, Kivuti akapunguza mwendo.

"Hapa njia ni pana, mjomba. Ukitaka unaweza kuachia."

Alikuwa anamfichia, na Ndambiri alilijua hilo. Akaachia. Jua likampiga usoni, barabara yote ikageuka maziwa. Kengele ya baiskeli ikalia, hakujua inatoka upande gani. Akanyosha mkono hewani kama kipofu wa barabarani, na ule upinde ulikuwa pale pale, unamngoja.

Wakapita sokoni hivyo. Watu waliwaamkia. Siku nyingine angesimama, soko lingechelewa kufungwa. Leo aliitikia akiwa ameinama. Hakuna aliyecheka, naye alitamani hata mmoja angecheka.

Wambeti alikuwa mlangoni. Akautazama mkono wa mumewe, akautazama wa Kivuti, akatazama upinde uliokuwa kati yao. Hakuuliza nyama iko wapi. Aliingia ndani kuwatafutia cha kula, na Ndambiri akabaki amesimama uani kwake mwenyewe, ncha ya upinde mkononi, bila kujua aketi wapi.