Namba E iliyozaliwa kabla ya namba A yetu, na pedali ya kukanyaga mara mbili

Wakuu, salaam kwenu. Kuna swali lililoninyima usingizi msimu huu wa mpunga: hivi kesho lori la baba litamrudisha nyumbani?

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Baba yupo, lori lipo, sina haja ya kutia chumvi.

Mimi ni binti, nimesoma uchumi, chuo nimemaliza na kazi bado natafuta. Tunakaa Isevya, Tabora. Baba anabeba mpunga wa wakulima kutoka Puge kuuleta mashineni mjini, na mimi siku zisizo na interview namsaidia kuendesha.

Lori letu ni namba A. Mnajua wenyewe, nchi hii umri wa gari tunausoma kwenye herufi ya kibao. A ni babu, E ni kijana.

Wateja wakaanza utani. Mama mmoja wa Puge, mwenye mashamba makubwa, alimwambia baba mbele yangu, "Mzee, hili babu lenu likifika katikati ya safari halitaomba uji?"

Wote tulicheka. Mimi nikaondoka na lile neno, nikalala nalo.

Ndipo akajitokeza mfanyabiashara wa Ipuli mwenye lori namba E. Alitaka tumpe letu na kitu juu yake, na hicho kitu kilikuwa ng'ombe wa mama yangu. Baba akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesoma. Ukisema tubadilishe, tunabadilisha."

Kwa mtu kama mimi, anayewaza hadi chai inapoa, hiyo ni adhabu.

Nikaanza kuhesabu magari yanayopita njia yetu, nikiwaza kwa nini yanazidi kuwa ya zamani. Jibu nililopata si la kitabuni. Lori jipya liko mbali na mfuko wa mtu wa kawaida. Lililotumika ng'ambo linafika bandarini limeshachoka, kisha kodi inalipandisha bei. Kwa hiyo aliye nalo halitupi. Likichoka Dar linauzwa huku kwetu, likichoka huku linakwenda vijijini, na likifa kabisa linakuwa spea za mengine. Sisi hatuziki magari. Kila mwenye gari anafanya hesabu sahihi, lakini ukizijumlisha hesabu zetu zote, nchi nzima inazeeka barabarani.

Tuendelee.

Tukaenda Ipuli. Lori linang'aa, rangi mpya, viti vina nailoni. Nikamuuliza yule bwana lilitengenezwa mwaka gani.

"Dada, unanunua gari au unaposa? Mpaka mwaka wa kuzaliwa?"

Baba akacheka. Nikauliza tena. Akautaja, na baba akaacha kucheka. Namba E ilizaliwa kabla ya namba A yetu. Ilizeekea ng'ambo, ikaja kuvalishwa kibao kipya hapa.

Hata hivyo tukalijaribu, mimi kwenye usukani, baba pembeni. Kwenye kona ya kwanza nikakanyaga breki kama nilivyofundishwa nyumbani: mara ya kwanza kuiamsha, mara ya pili ishike.

Ile ya kwanza tu ilishika. Baba alikwenda mbele hadi kofia ikaanguka.

Mwenye gari akaniangalia. "Mbona unakanyaga mara mbili? Huko kwenu breki mnaibishia hodi?"

Baba akaokota kofia yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba breki mbovu ni ya kwetu. Siku zote nilikuwa naogopa injini ya lori letu, moshi wake, herufi yake. Pedali sikuwahi kuiogopa, kwa sababu tulishaizoea. Na lori hilo linarudi na mpunga, na juu ya magunia wamekaa watu.

Njia hii watu waliipita na mizigo mabegani tangu enzi za misafara. Mpagazi akichoka, anasema. Lori haliwezi kusema, na sisi tulikuwa tumejifunza kutolisikia.

Tulipofika nyumbani nikasema ng'ombe wa mama wabaki, hatubadilishi uzee kwa uzee. Baba akafurahi, akaanza kuandaa turubai la safari ya Puge ya kesho yake.

Nikamwambia, "Baba, haliendi. Linaingia gereji."

"Katikati ya msimu? Wateja wanahama."

"Wahame. Ulisema niamue."

Asubuhi nikalipeleka mimi mwenyewe kwa fundi, nikasimama pale hadi magurudumu yakatoka, baba asije akawahurumia wateja na kulirudisha barabarani. Kisha nikampigia yule mama wa Puge. Nikamwamkia, nikamwomba mzigo wake ampe mtu mwingine. Akaguna, akasema sawa, na kweli akampa mwingine. Mpaka leo hajarudi kwetu.

Lori lilipotoka, baba aliendesha, mimi pembeni. Kwenye kona akakanyaga mara mbili, nikarushwa mbele nikagonga kioo.

Akapunguza mwendo, akacheka kidogo. "Gari limepona. Sasa bado mguu wangu."

Nilichojifunza: gari kuukuu si lazima liue, ila ubovu uliouzoea hauuoni tena. Na herufi ya kibao haikwambii chochote.

Haya wakuu, semeni kweli: kwenye gari lako ni kitu gani kibovu ambacho umeshajifunza kuishi nacho?