Mchumba Wangu Ndiye Aliyegongesha Ile Ndege, Kakangu Ndiye Asiyetembea

Admin, nifiche tafadhali, maana watu ninaowazungumzia wote wanafuata page hii.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, naishi mtaa wa Section 58 mjini, kwetu ni Molo. Nina mchumba ninayempenda sana, na nina kakangu mdogo, kitinda mimba wa mama. Wote wawili walikuwa wakisomea urubani shule moja. Kakangu ndiye aliyetukutanisha, na hadi leo hujigamba kwamba harusi yetu ni kazi yake.

Mwaka jana kakangu alikuwa akitua na ndege ndogo ya mazoezi, peke yake. Magurudumu yalipogusa tu chini, mguu mmoja wa ndege ukakatika, ndege ikapinduka. Aliumia uti wa mgongo. Shuleni walisema aliishusha kwa nguvu, naye akakubali lawama. Hata baba hakumhurumia: "Si nilikuambia ukae hapa ulime viazi? Ona sasa." Nililia hadi sauti ikakauka.

Mchumba wangu amekuwa malaika kwetu. Kila Jumapili anakuja Molo, anamnyoa kakangu ndevu, anamsukuma kwa wheelchair hadi kanisani. Mama humwita "mtoto wangu". Nami nikawa namshukuru Mungu kwa kunipa mwanamume wa aina hiyo.

Wiki iliyopita tulikuwa tunachagua kadi za harusi, akaanza kulia. Akaniambia kwamba siku ile yeye ndiye aliyetangulia kuruka na ndege hiyo. Alitua vibaya, ikadunda kama mpira, akasikia kitu kikilia chini. Shuleni kwao ukitua kwa kishindo lazima useme, ndege isimamishwe, fundi aikague kabla mwingine hajaipanda. Yeye alinyamaza. Aliogopa kuchekwa na wenzake na kurudishwa nyuma masomoni.

"Niliicheki na macho tu, nikaona iko sawa," akasema.

"Na ulijua ni nani anaipanda baada yako?"

"Nilijua, babe. Mimi ndio nilimpatia headset akipanda."

Sasa ananisihi ninyamaze, eti ukweli hautamrudishia kakangu miguu, eti atamtunza maisha yake yote. Nampenda, sitawadanganya. Na namchukia hadi siwezi kumtazama akila.

Jumapili nilikuwa nyumbani. Kakangu alikuwa anashusha kiganja polepole juu ya blanketi, anarudia tena na tena. "Sista, hebu angalia," akaniambia. "Nilishuka hivi, poa kabisa. Sasa nilikosea wapi?"

Mchumba wangu alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika wheelchair. "Wachana na hiyo story, bro," akamwambia, akaanza kumsukuma kwenda kanisani.

Ndugu zangu, harusi ni mwezi ujao, na kakangu ndiye best man. Nishaurini, nifanye nini?