Mia ya Pili ni ya Mgonjwa

Saa moja na nusu asubuhi. Mama Slaidi anasukuma mbao za dirisha la mashariki, anavuta stuli yake ya miguu mitatu, kisha anageuza kioo kilicho chini ya hadubini mpaka mwanga wa jua uingie sawasawa. Hadubini mpya ya umeme ipo meza hiyohiyo, imefunikwa kitambaa.

"Ile umeme ukikatika inakuwa pambo," anamwambia mwandishi wa gazeti bila kugeuka. "Hii yangu inadai jua tu."

Leo ni Jumatano. Ijumaa anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitano ya kusoma damu za watu katika chumba hiki chenye harufu ya spiriti. Kitu kimoja kinamnyima usingizi: hajui kama anamwacha mtu anayeweza kuiona homa ya papasi.

Papasi ni ndugu wa kupe. Hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu, hutoka watu wakiwa wamelala, huuma na kurudi zake kimya. Homa anayoacha ni laghai. Humwangusha mtu siku tatu nne, humwachia wiki nzima ajione mzima, halafu humrudia.

Damu ya anayeshukiwa kuwa na homa nyingine, ile ya viroboto, Mama Slaidi huizungusha kwenye mashine, akatenga maji yake na kuyatuma maabara kubwa. Ya papasi huonekana hapahapa kwa jicho, mradi jicho liwe na subira. Na subira ndiyo imeadimika. Tangu kije kile kipimo cha haraka cha malaria, slaidi, vile vioo vyembamba vya kupakia damu, zimeshuka kutoka sitini kwa siku hadi kumi na nne, kumi na tano. Kipimo kikisema si malaria, wengi hupewa dawa ya maumivu na kuambiwa wakapumzike.

Mgonjwa wa kwanza leo ni mlinzi wa ghala, mwanamume mwenye koti zito na uso wa kununa. Homa imemrudia mara ya tatu.

"Unalala na nani?" Mama Slaidi anamuuliza huku akimchoma kidole.

"Mama, mimi nina mke wangu wa ndoa!"

"Baba, sikuulizi habari za ndoa. Nauliza panya, mbwa, kuku. Unalala kitandani au chini?"

"Chini, ghalani. Panya wapo, lakini tunaheshimiana."

Hata yeye anacheka. Anaambiwa asubiri benchi la nje, majibu yatachukua muda.

Kazi hii Mama Slaidi alifundishwa na mtu waliyemwita Mzee Miwani, marehemu sasa. Akimtaja, sauti yake inalainika. Anakumbuka alivyokuwa akifuta lenzi kwa pindo la shati akidhani hakuna anayemwona, na alivyokataza mtu kupiga soga mwenzake akiwa anahesabu. Ukisogeza slaidi kidogo unapata duara jipya la kutazama. Fomu inataka maduara mia. Mzee Miwani alitaka mia mbili.

"Alikuwa akisema, mia ya kwanza ni ya fomu, mia ya pili ni ya mgonjwa," anakumbuka. "Sisi vijana tulimwona mzee anatupotezea muda. Laiti ningemsikia!"

Anatoa kisanduku cha mbao kwenye droo na kuchomoa slaidi moja. Pembeni imekwaruzwa jina. Ni jina lake mwenyewe, ila damu si yake.

Alikuwa na mwaka mmoja kazini. Dada yake mkubwa, mwenye mimba ya miezi mitano, alikuja na homa akitokea kulala siku kadhaa katika nyumba ya zamani ya mama yao. Mdogo mtu, kwa fahari ya koti jeupe, alitaka kuisoma damu ya dadake mwenyewe.

"Niliona nyuzi. Nyembamba, zimejipinda, mbili tatu tu. Nikasema huu ni uchafu wa rangi. Nikaandika: hakuna kitu. Siku ya pili yake homa ikashuka, tukacheka, nikajiona daktari."

Wiki moja baadaye homa ilirudi, na mimba ikatoka. Dada hakujaliwa kupata nyingine.

Mzee Miwani aliitafuta ile slaidi, akaiangalia, akaona zile nyuzi ndizo vijidudu vya homa ya papasi, akamwita. Hakumgombeza. Alimpa kalamu ya kukwaruzia kioo, akamwambia: "Andika jina lako, si la dada yako. Hii sasa ni slaidi yako."

Na dada?

Mama Slaidi anapapasa mto alioukalia, wa vitambaa vya rangi rangi, ulioshonwa kwa mkono. "Huu ameushona yeye. Hajui mpaka leo. Wanasema majuto ni mjukuu, wangu huyu amezeeka nami. Niliapa nitamwambia siku nikiwa na kitu cha kumpelekea pamoja na hilo neno. Nikimwambia, 'Dada, nilikosea, lakini sasa kuna mwingine anayeona,' pengine atanisikiliza."

Mwingine huyo ni mrithi wake, mama wa watoto wawili aliyebandikwa jina la Haraka kwa sababu zinazoeleweka. Ana miaka minane kazini, mikono myepesi na moyo mzuri. Ila tangu mwaka juzi, kila mwaka Mama Slaidi huipaka rangi upya slaidi yake, huiziba jina kwa karatasi yenye namba, na kuichanganya na za wagonjwa bila kumwambia mtu, kama alivyofanyiwa na Mzee Miwani. Mara mbili Haraka ameipita bila kuona kitu. Mara ya mwisho alikuwa duara la tisini na kitu, simu ikaita.

Leo ni mara ya tatu. Ni namba saba kati ya kumi na tano, zilizopangwa bila kufuata foleni ya wagonjwa. Mwandishi ameombwa afunge mdomo wake.

Haraka anaingia, anasalimia, anaketi. Simu yake anaitupa mkobani. Saa mbili zinapita, tatu zinapita. Mama Slaidi anajifanya kupanga chupa ambazo tayari zimepangwa. Nje mlinzi anasikika akiuliza kama damu yake imepelekwa ng'ambo.

Karibu saa sita Haraka anainuka akisugua shingo.

"Mama, nina papasi. Mbili."

"Mbili?" Mama Slaidi anacheka kwa woga. "Hesabu vizuri. Ni moja."

"Namba saba, na namba kumi na moja. Hii ya kumi na moja ilinichelewesha. Mia nzima sikuona kitu. Nikaendelea tu, kwa kuogopa maneno yako."

Mama Slaidi anaketi juu ya mto wake. Anasogeza slaidi taratibu, midomo ikihesabu. Kisha anavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti.

"Nani huyu?"

Haraka anafungua daftari. "Mlinzi wa ghala."

Benchi la nje ni tupu. Haraka anatoka mbio, na kwa mara ya kwanza hakuna anayemtania. Anamkuta mlinzi getini, amekata tamaa, anakwenda zake. Anarudishwa akilalamika. Dozi ya kwanza anameza mbele ya daktari, analazwa aangaliwe mpaka jioni.

Mama Slaidi anabandua karatasi kwenye namba saba, anamwonyesha Haraka lile jina na kumsimulia yote. Haraka analia waziwazi. Anauliza kama sasa alifute jina, aandike lake.

"Liache. Wewe hujaandika 'hakuna kitu'. Ukae nayo tu, na wewe uje umtegee mwingine."

Kisanduku kinahamia droo ya Haraka. Mama Slaidi anaubeba mto kwapani, anasimama mlangoni na kumgeukia mwandishi.

"Gazeti lenu linatoka lini?"

"Jumapili, mama."

"Basi andika yote, usifiche." Anavuta pumzi ndefu. "Jumamosi asubuhi nitakuwa kwa dada."