Ng'ombe Watatu kwa Biashara ya Vitumbua

Siku ile tulikuwa watu wanane. Nawataja wote, maana baadaye kila mmoja alijifanya kwamba alichungulia tu akaenda zake. Alikuwepo baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyekalia kiti chenye mgongo. Alikuwepo mke wake. Alikuwepo shangazi, aliyetoka Sapiwi kwa miguu tangu alfajiri na mfuko wa michembe kichwani. Alikuwepo balozi wetu wa nyumba kumi na daftari lake. Na tulikuwepo sisi watoto wanne wa nyumba ile: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa darasa la sita, mdogo wetu wa kiume, na kitinda mimba, aliyenilalia mapajani kikao kizima. Hakuwepo mwingine.

Kikao nilikiita mimi. Baba alikuwa amefariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi niliacha shule darasa la tano nikashika jembe. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Pamba, ambayo zamani tuliipeleka ghala moja tu, sasa ilinunuliwa na kila mwenye lori na mizani, na mizani zenyewe hazikuwahi kukubaliana. Watu walisema sasa ni ruhusa, kila mtu ajitafutie. Nami nikaenda kujitafutia. Nilivuka mpaka pale Sirari nikafanya kazi za ndani miezi saba kwenye mji mmoja mdogo wa Kenya, kwa mwalimu mwenye watoto watano. Niliporudi nilikuwa nimeamua: nitakwenda tena, lakini sitaosha sufuria za mtu. Nitafungua biashara yangu.

Sikuwa na muda wa kubahatisha. Baba mdogo alikwishasema kwamba tukishindwa kujilisha atatugawa. Kitinda mimba angekwenda kwake. Wa kiume angepelekwa kuchunga kwa watu. Kuhusu wa kike alisema kwa ufupi, "Huyo ataolewa." Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Basi nikawaeleza. Loo! Kumbe nyumba nzima ilikuwa imejaa wafanyabiashara.

"Nguo za mitumba," alisema baba mdogo. "Nunua huko, leta Bariadi."

"Nataka kuuza kule, baba. Kuleta huku wapo wengi."

"Basi uza dengu," balozi akasema. "Dengu zetu zinapendwa hata na Wahindi."

"Wahindi wa kule wananunua kwa magunia mia, balozi. Mimi nitaingia na magunia mawili?"

Shangazi akafungua mfuko wake. "Peleka michembe, mayu. Viazi vikavu haviozi. Usipouza, utakula."

Hata mimi nilicheka. Lakini shangazi ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wanaume wote wawili, kwa kuwa yeye alianza kwa kuuliza itakuwaje nisipouza. Ndilo swali la mgeni. Miezi ile saba, kila nilipotumwa sokoni, nilikuwa nawatazama wageni wenzangu. Aliyepanga kibanda, mwenye kibanda alimpandishia kodi alipoona wateja wanaongezeka. Aliyekopesha, hakulipwa, maana angemshitaki nani, na kwa kipande gani, yaani kitambulisho cha kule? Aliyejaza mali, askari walipopita alikimbia na roho yake, mali ikabaki. Nikajua biashara ya mgeni lazima iishe siku hiyo hiyo. Ukifukuzwa, umepoteza asubuhi moja tu.

"Nitauza vitumbua," nikasema.

Baba mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. "Uvuke nchi kwenda kukaanga vitumbua! Si ungekaangia hapa stendi?"

"Hapa stendi wapo wanawake kumi na moja. Nimewahesabu. Kule hayupo hata mmoja. Wanajua mandazi na chapati. Mchele wetu ukiupika tu, jirani anauliza unapika nini. Nitaloweka jioni, nitatwanga, nitaumua, alfajiri nakaanga, saa nne nimemaliza."

"Mtaji?"

"Ng'ombe mmoja."

Ng'ombe walikuwa saba. Tuliwakuta zizini tangu tupate akili, tukakamua, tukanywa, tukawapa majina ya rangi zao. Sikuwahi kusikia kwamba kuna hata mmoja asiye wetu.

Baba mdogo aliacha kucheka. Akainama, akachora chini kwa fimbo, akasema kwa sauti ya huruma ambayo hata leo nikiikumbuka nataka kutema mate: "Mtaji mdogo huua biashara, ng'wanone, mwanangu. Uza watatu. Nitakupelekea mimi mnadani, wewe ni mtoto wa kike, watakupunja." Akataja na wa kuuzwa: wale wawili wekundu na yule mweusi mwenye doa jeupe tumboni. Sikujiuliza kwa nini alichagua hao. Kisha akamgeukia balozi. "Andika kibali. Muuzaji ni huyu. Andika jina lake, kwa heshima ya marehemu kaka."

Sitasema uongo. Nilifurahi. Mtoto wa kike, wa darasa la tano, kuandikwa kwenye karatasi kwamba ana ng'ombe! Nilijiona mtu. Nikaweka dole gumba kwenye wino, ingawa kuandika najua, kwa sababu balozi alikuwa na haraka.

Hela alizoniletea baba mdogo hazikufika bei ya ng'ombe wawili. Alisema bei ilianguka, alisema ushuru, alisema chai ya mzee. Nikasema ahsante. Ndiyo, nilisema ahsante! Nikanunua mchele Maswa, na chuma cha kukaangia chenye vishimo saba, nikawaacha wadogo zangu na shangazi, nikavuka.

Biashara sikuikosea. Hilo nalisema bila aibu, maana watu walipokuja kunihukumu walisema niliharibu mali kwa ujinga wa vitumbua. Siku ya kwanza nilikaa nje ya geti la kiwanda cha majani ya chai, na mwanamume mmoja akainama akatazama bakuli langu.

"Mama, hii ni mandazi ama ni jicho ya ng'ombe?"

"Onja kwanza, utaje jina baadaye."

Alionja. Akanunua sita, akawaita wenzake, "Kujeni muone macho ya Mtanzania!" Jina likashika. Kila alfajiri walikuja kuulizia macho. Askari wa soko alinifukuza mara nne mwezi wa kwanza, na mara moja alipiga teke bakuli. Niliokota chuma changu nikaenda zangu, kesho yake nikakaa upande wa pili wa geti. Nilipoteza unga wa siku moja. Nilichokiona kwa macho miezi saba kilikuwa kweli.

Kwa hiyo hela ilikwenda nyumbani. Mdogo wangu wa kike akaingia darasa la saba akiwa na viatu.

Nilirudi wakati wa mavuno kununua mchele mwingine. Siku ya pili, mchana, mzee mmoja aliingia uani kwetu akiwa na fimbo na koti zito. "Mwadila," alisalimia. Tulimpa kigoda na maji. Alisema anatoka Mwamapalala, kwamba alikuwa rafiki ya baba, na kwamba alihama na mifugo yake kwenda Rukwa kutafuta malisho, ndiyo sababu hakumzika, na sasa amerudi. Alilia kidogo. Kisha akasema, "Nimekuja kuwaona wale wangu."

"Wako gani, babu?"

Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Huwagawa kwa marafiki wawafuge, ugonjwa ukiingia au wezi wakija wasimmalize. Huyo mfugaji hunywa maziwa na kulimia samadi, lakini ng'ombe na ndama wao ni wa mwenyewe. Na hamtangazi. Uzuri wa jambo lenyewe ni kwamba jirani asijue. Baba alifugishwa mtamba mmoja mwekundu na mzee huyu kabla mimi sijazaliwa. Wale watatu walikuwa uzao wake wote uliobaki. Baba alikufa kwa homa ya siku tatu bila kusema, nasi tukakua tukiamini wote saba ni wetu.

Nikamtuma mdogo wangu amwite baba mdogo. Alikuja na balozi na wazee wawili wa kijiji, na alikuja akiwa ameshatengeneza uso.

"Mzee, pole," alisema. "Watoto hawa waliwauza. Huyu mkubwa alitaka mtaji wa kwenda Kenya. Ningejua, ningezuia."

Mzee wa Mwamapalala alimgeukia. "Ungejua nini? Wewe mwenyewe ndiye uliyemswaga yule mtamba kutoka kwangu mpaka hapa. Nilikupa jogoo wa njiani."

Baba mdogo aliinama, akachora chini kwa fimbo.

"Nilikuwa kijana," baba mdogo akasema. "Sikumbuki."

Sikumbuki! Alikumbuka rangi. Katika ng'ombe saba alichagua watatu wale wale, akawaacha wanne wetu, ambao siku tukigawanywa wangeingia zizini kwake bila mtu wa kuwadai. Niliinuka nikayasema hayo mbele ya wote. Mzee mmoja wa kijiji akaniambia nikae, mtoto wa kike hamvui nguo baba yake. Nikasema yeye si baba yangu, baba yangu yuko pale kaburini. Kisha wakamwomba balozi daftari. Balozi akasoma. Muuzaji: jina langu. Na dole gumba langu.

"Balozi," nikamwambia, "wewe ulikuwepo. Nani alikuambia uandike hivyo?"

Alilitazama daftari kama vile litamjibia. "Mimi huandika ninachoambiwa."

"Na nani?"

"Imeandikwa, binti. Imeandikwa."

Shangazi alikuwepo pia, akasema aliyoyasikia, lakini alikatizwa mara mbili na mara ya tatu akanyamaza. Mke wa baba mdogo alikuwa anachambua mchele. Wakaamua: ng'ombe watatu, nilipe mimi. Wanne wetu wasiguswe, kwa kuwa ni urithi wa mtoto wa kiume, na wawekwe kwa baba mdogo mpaka mtoto akue. Niliwauliza kama wanasikia wanachokisema. Walisikia.

Ndipo baba mdogo akaleta dawa aliyokuwa ameikunja mfukoni. "Tusiumizane. Mdogo wake amekomaa. Kuna mtu wa Ipililo ameshamwulizia, ana ng'ombe wa kutosha. Mahari ikija, mzee atachukua watatu wake, deni kwisha."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na daftari la hesabu. Alilishusha pole pole.

"Hapana," nikasema.

"Utalipa na nini? Vitumbua?"

"Vitumbua."

Wakacheka. Aliyewakatiza ni mzee wa Mwamapalala. Alisimama, akachukua fimbo yake. "Mimi sikuja kutafuta harusi. Nimekuja kutafuta ng'ombe." Akanigeukia. "Utachukua muda gani, mayu?"

"Sijui, babu. Lakini utawapata."

"Haya." Alikataa chakula, akaondoka.

Nilirudi Kenya nikapanga chumba kidogo zaidi. Nikaongeza chuma cha pili, nikamwajiri jirani mmoja wa kule anitwangie. Mwenyeji yule alipojua kuumua, akafungua biashara yake hatua ishirini kutoka kwangu, akiwa na kipande na kibanda, na askari wakampitia bila kumgusa. Nilimchukia wiki mbili. Kisha nikahamia kituo cha malori. Hasira yangu yote nilikuwa nimeshaipangia mtu mmoja, sikuwa na ya kugawa.

Ng'ombe wa kwanza nilimpeleka mwaka uliofuata, pamoja na mdogo wangu wa kiume na balozi. Balozi hakutaka kutembea mpaka Mwamapalala. Nikamwambia atatembea. Tulipofika nikamwambia, "Fungua daftari. Andika jina langu. Mara ile uliandika upesi sana." Akaandika. Safari hii nilitia sahihi kwa herufi zote. Wa pili alikwenda baada ya miaka miwili, kwa sababu katikati yake kitinda mimba aliugua, na mchele ukapanda. Mzee alimpapasa mgongoni, akasema ni mzuri kuliko aliyepotea. Hakusema basi, yatosha, na mimi sikumtegemea aseme. Mali ni yake.

Mdogo wangu wa kike alimaliza darasa la saba. Hakuchaguliwa sekondari. Anajifunza ushonaji kwa masista, na mtu wa Ipililo alishaoa mwingine.

Baba mdogo nakutana naye mjini kila nikija. Ana baiskeli mpya, na wanne wetu wamekuwa sita zizini kwake, na kila mwaka anasema mtoto bado hajakua. Juzi alinisimamisha sokoni, mbele ya watu, akanicheka kwa upole. "Nasikia unatafuta wa tatu. Mnada ni Jumamosi. Nikusindikize, ng'wanone? Watakupunja."

Nilimwambia abaki nyumbani.

Hela haikutosha Jumamosi ile. Ng'ombe wamepanda bei, na mimi nilikuwa na nusu tu. Nilinunua magunia mawili ya mchele, nikavuka tena. Amebaki mmoja.