Spea ya Kutoka Kakuma

Nafanya kazi kwenye gesti hapa Lodwar. Tuna jakuzi kuukuu, beseni kubwa la kuogea maji ya moto. Juzi mpira wa pampu ulikatika, maji yakavuja, na bosi alikuwa akimngoja baba mkwe wake.

"Isipowaka leo, rudi ukachunge mbuzi," akaniambia.

Spea za jakuzi hiyo haziuzwi tena. Nilienda mpaka Kakuma kutafuta, wakanicheka tu. Niliporudi nikaona akala mbili, vile viatu vya mpira wa tairi, zilizochakaa nyuma ya pampu. Nikadhani zimetupwa. Nikakata duara kwenye moja, nikalifunga kwenye pampu, na jakuzi ikanguruma vizuri.

Kumbe mzee, baba mkwe wa bosi, alikuwa ameshafika, amepumzika ndani. Akaja akaingia kuoga, akafurahi.

"Ejok, kijana," akanisalimu kwa Kiturkana. "Spea umeipata wapi?"

"Kakuma," nikajibu nikitazama chini.

Alipomaliza kuoga akaenda moja kwa moja nyuma ya pampu, alikoziweka akala zake kivulini zisishike moto wa jua. Akainua moja, akanichungulia kupitia lile tundu.

"Mkwe," akamwita bosi, "njoo unibebe mgongoni mpaka kwa gari. Kiatu changu kimeenda Kakuma."