Kaka Yangu Alipanda Jukwaani na Mtoto

Mchezo ulianzia uani kwetu, mtaa wa Gerezani. Tulikuwepo kaka yangu, fundi wa karakana ya reli. Mkewe, yaani wifi yangu, na mtoto wao bado ananyonya. Mwalimu aliyepanga chumba cha mbele, ndiye aliyeandika. Na mimi, nakaanga mihogo ya kuuza. Majina yao yote ninayo, siyaweki hapa.

Huo mchezo wa foleni ya sukari mnaujua, umeigizwa nchi nzima. Sasa mjukuu wa kaka yangu ametunga riwaya ya jinsi ulivyozaliwa, akaja kunisomea kabla haijachapwa. Nasikia babu yake anapanda jukwaani Mnazi Mmoja, anamkamata mkewe nywele, anamburuta mpaka nyumbani.

"We mke mwenzangu, hayo umeyatoa wapi?"

"Bibi, watu wanakumbuka alipanda kakunja uso."

"Kakunja uso kwa sababu kakojolewa!"

Akacheka, lakini hakufuta kitu.

Ilikuwa hivi. Siku hiyo Mnazi Mmoja, wifi anaigiza mwenye duka, anawafukuza watu: sukari hakuna, rudini kesho. Kaka yuko mbele kwa watazamaji, kampakata mtoto. Mtoto akalia, akabembelezwa, wapi! Kaka akapanda, shati limelowa chapachapa, akamkabidhi mama yake. Wifi hakuuacha mchezo. Akakaa juu ya gunia, akanyonyesha, huku anafoka: "Subirini, mkubwa anakula kwanza!" Uwanja ukaangua kicheko, maana duka letu la ushirika lilikuwa hivyohivyo. Mwalimu akakiandika kipande kile, na hadi leo mwenye duka hunyonyesha watu wakisubiri.

"Lakini Bibi, riwaya inataka mtu mbaya."

"Mtafute kwa wakwe zako. Babu yako yuko kaburini, hawezi kujitetea."

"Wasomaji wanajua ni hadithi tu."

"Na wanao wakisoma, watajuaje babu yao anaishia wapi na hadithi inaanzia wapi?"

Kisha akasema atabadilisha, ila nimpatie shahidi asiye ndugu, maana dada mtu lazima atamtetea kaka yake. Sikukasirika, ana haki.

Kwa hiyo wewe uliyekuwepo Mnazi Mmoja siku ile, nisahihishe. Pengine gunia lilikuwa la mchele, pengine wifi alisema "bosi" na siyo "mkubwa". Lakini kaka alishuka mikono mitupu, mke kamwacha jukwaani, akasimama mbele akipiga makofi kuliko wote. Kama uliona vingine, njoo uniambie usoni.