Bahari ya Gongoni

Bahari yangu ilikuwa na upana wa kabati la vyombo. Ilikaa sebuleni kwangu, Gongoni, mbali na bahari yenyewe kiasi kwamba hata chumvi yake ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Aliyeileta ni kaka yangu. Alipohamishwa kikazi aliniachia tangi la kioo, pampu ya hewa inayokoroma, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kaa mdogo aishiye ndani ya ganda la konokono, akilibeba kila aendako.

Niliwapenda. Jioni nilizima taa ya chumba, nikabakisha ya tangi, nikawasomea riwaya niliyokuwa nikiiandika. Samaki walisikiliza midomo wazi. Kaa aliondoka katikati ya sura.

Kisha nikapata kazi Nzega, kwenye chumba ambacho umeme hukatika kila wingu likipita. Pampu ikinyamaza kutwa nzima, samaki hawaponi. Ilibidi niwapatie makao kabla sijahama.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee muuza halua wa mtaani. Alilizunguka tangi, akaligonga kwa ukucha.

"Kioo kizuri. Halua itapendeza humu."

"Na samaki, mzee?"

"Kaanga, mwanangu. Ingawa utapoteza mafuta bure."

Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi mlangoni na kupita kidogo.

Habari zikamfikia mama mmoja wa Chemchem, Mzaramo aliyeolewa huku. Mimi ni Mnyamwezi, na sisi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana na kuchukua chako bila kuomba, nawe ukinuna umejiaibisha. Aliingia bila hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwizi. Hawa ndugu zangu umewateka lini?"

"Nimewarithi."

"Watu wa pwani hawarithiwi." Akainama kwenye kioo, akamwona kaa. "Huyu si wetu. Anatembea na mzigo mgongoni, huyu ni babu yako."

Nikamwambia kuwa jioni huwa nawasomea riwaya yangu, kisha nikamuuliza kama kwake umeme ni wa uhakika.

"Duka la mume wangu lina sola na betri. Friji itazimwa. Soda watu watakunywa za moto."

Tangi, mawe na madumu ya maji vilitangulia kwa guta. Mimi na mama tukapanda bajaji na ndoo ya samaki na kaa. Kwenye kona ya kwanza maji yakaruka yakamwogesha dereva. Alisimama, akakamua shati, akatushusha.

Mama alifurahi mno. "Kwani babu zako walipanda bajaji?"

Akanisokotea ngata kwa mtandio wake, nikajitwisha ndoo. Yeye akatangulia na mwavuli, akigonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Waliouliza tunapeleka nini aliwajibu, "Mateka wanarudi kwao." Maji ya chumvi yalinitiririkia machoni. Ndani ya ndoo kulikuwa kimya, nami nikaogopa kuchungulia.

Tulipowamimina tangini, samaki mmoja aliogelea. Mwingine alilala ubavu chini kabisa. Mama akaweka chini kijiko na mfuniko. Kisha akaweka mdomo karibu na kioo.

"Ukifa, atakayekuzika ni huyu mtani wako. Na kaburini atakusomea riwaya yake yote."

Mkia ukatikisika. Samaki akajiinua polepole, akaenda kujibanza nyuma ya jiwe, upande usionielekea.

"Mzigo umefika, mpagazi," mama akaniambia. "Nenda kwenu."

"Nitaruhusiwa kuja kuwaona?"

"Ukija na asali."

Basi kila nikitoka Nzega hupita Chemchem na chupa ya asali. Mama huionja kwanza, huisema vibaya, kisha hunipa kiti mbele ya tangi na soda ya moto. Samaki wote wawili huja kwenye kioo. Kaa akiniona huondoka, kabla hata sijafungua ukurasa.